Boila ya Makaa ya Mawe Mwezi wa Aprili: Kisa cha Nyumba Moja Scranton

Picha aliyonitumia baba wa nyumba kwa WhatsApp ilionyesha geji mbili za boila, mtambo unaopasha nyumba kwa maji ya moto. Ya joto ilisoma nyuzi 96 za Selsiasi, ya presha ilisoma pauni 28 kwa inchi ya mraba, na chini yake ilionekana ndoo iliyowekwa kukinga matone ya valvu ya usalama, ambayo kazi yake ni kufunguka presha ikifika 30. Ilikuwa alasiri ya Aprili, nje nyuzi 18. Themostati ya sebuleni ilikuwa imeshushwa hadi mwisho tangu asubuhi. Hakuna chumba kilichokuwa kinaomba joto, lakini nyumba nzima ilikuwa na joto kali na madirisha yote ya juu yalikuwa wazi. Swali lake lilikuwa fupi: "Fundi, tukate umeme wa hii mashine?"

Nilimjibu asikate, kwa sababu nitakazozieleza. Jioni hiyohiyo, kabla sijafika, kengele ya kaboni monoksidi kwenye korido ikalia. Walitoka wote nje, watoto kwa wakubwa, wakapiga 911, na zimamoto wakaja wakapima hewa, wakafungua nyumba ipite upepo na kuagiza boila isiwashwe hadi ikaguliwe. Walifanya hasa inavyotakiwa. Gesi ile haina harufu wala rangi, na familia isiyo na kengele isingejua kitu.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu Wakongo wengi waliokuja Scranton, Pennsylvania, Marekani, na miji ya jirani wananunua au kupanga nyumba za zamani zenye boila za aina hii, na karibu maelezo yote ya mitambo hii yameandikwa kwa Kiingereza cha mafundi. Familia hii inatoka Kivu Kusini na ilikaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Moto wa kuni na wa makala, yaani makaa ya kuni, wanaujua kuliko mimi. Boila ya makaa ya mawe walikabidhiwa pamoja na ufunguo wa nyumba.

Makaa yenyewe ni anthrasaiti, makaa magumu yanayong'aa, ambayo bonde hili la Lackawanna na Wyoming limeyachimba kwa zaidi ya miaka 200. Yana kaboni nyingi, moshi karibu hauonekani, na kilo moja hutoa takriban megajuli 29 za joto. Ila ni mabishi kuwaka. Mwaka 1808, huko Wilkes-Barre, Jesse Fell alionyesha kwamba yanaweza kuwaka vizuri ndani ya nyumba yakiwekwa juu ya wavu wa chuma ulio wazi, hewa ikapita kutoka chini. Siri ni hiyo hadi leo: hewa ipite chini, kati ya makaa. Anthrasaiti isiyopata hewa kutoka chini hufa, hata ukiijaza vipi.

Boila ya nyumba hii ni ya stoka, yaani inajilisha yenyewe. Makaa ya saizi inayoitwa "rice", punje za milimita 5 hadi 8 hivi, hushuka kutoka kwenye hopa, yaani sanduku la makaa, mota inayasukuma taratibu juu ya wavu wenye matundu madogo, feni inapuliza hewa chini ya wavu, na majivu yanaanguka mwisho wake ndani ya sinia. Maji ya boila huenda kwenye rejeta za chuma za vyumbani. Ndani ya boila kuna pia koili ya shaba inayopasha maji ya kuoga na kuoshea vyombo. Kwa sababu ya koili hiyo, watu wengi hawazimi boila joto linapoanza kupanda nje.

Mota ya stoka inaamriwa na wakubwa watatu. Wa kwanza ni themostati ya sebuleni: chumba kikipoa, pampu inazungusha maji na stoka inafanya kazi. Wa pili ni akwastati, kifaa kinachopima maji ya boila. Ina kikomo cha juu, ambapo stoka inasimamishwa hata kama chumba bado kinaomba joto, na kikomo cha chini, ambapo stoka inaamshwa hata kama hakuna anayeomba, ili maji ya kuoga yawe tayari. Hapa ilikuwa imewekwa nyuzi 82 juu na 71 chini, yaani 180 na 160 za Fahrenheit kama zilivyoandikwa kwenye kifaa. Ni mpangilio wa kawaida kabisa wa majira ya baridi.

Wa tatu ni taima, na ndiye aliyeleta matatizo yote haya. Anthrasaiti haiwezi kuzimwa na kuwashwa kwa swichi kama gesi, kwa hiyo pasipokuwa na mwito wowote, taima huamsha stoka dakika chache kila nusu saa ili moto usife. Mama wa nyumba alielewa hapo hapo nilipomwambia ni sawa na kufukia kaa la moto kwenye majivu usiku ili asubuhi usihangaike na kiberiti. Lakini jambo moja lazima lishikwe vizuri: taima haimsikilizi akwastati. Kikomo cha juu kinamzuia themostati, hakimzuii taima. Maji yafike 82, yafike 90, taima itaendelea kuongeza makaa kila nusu saa, kwa sababu kazi yake ni uhai wa moto tu. Boila nyingine mpya zina vidhibiti vya kompyuta vinavyoangalia yote kwa pamoja. Hii haikuwa nayo, na nyingi za hapa hazina.

Taima ilikuwa imewekwa dakika 6 kila nusu saa. Kwa kasi kamili stoka hii inasukuma kama kilo 5 za makaa kwa saa, kwa hiyo dakika 12 katika kila saa ni kilo 1, na kwa siku ni kilo 24 ambazo hakuna aliyeziomba. Kilo 1 kwa saa ni takriban kilowati 8. Toa theluthi inayopotea kwenye dohani, zinabaki zaidi ya 5, na kwa boila yenye lita 80 hivi za maji hizo zinatosha kupandisha joto karibu nyuzi 1 kila dakika kama joto halina pa kwenda. Si makaa yote yaliungua, kama tutakavyoona, lakini unaona kwa nini geji ilifika 96. Na kwa nini vyumba vilikuwa na joto kali pampu ikiwa imesimama: maji ya moto kiasi hicho hupanda yenyewe kwenye mabomba kwa wepesi wake, hasa kama valvu ya kuzuia mzunguko huo imechoka.

Wakati wa baridi kali hali hii haionekani. Januari, nje ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, themostati inaita karibu muda wote, na kila joto linalotengenezwa lina mwenyewe. Taima ikiwa juu kupita kiasi hakuna anayejua. Aprili ndiyo inayofichua, kwani usiku unaweza kuwa nyuzi 3 na mchana 20, na kwa saa nane au tisa mfululizo hakuna mwito hata mmoja.

Basi si tupunguze tu taima? Kijana wao mkubwa, ambaye anasoma chuo na ana jicho la mitambo, alifikiri hivyohivyo na akaishusha hadi dakika 2. Asubuhi moto ulikuwa umekufa. Mama akauwasha upya kwa makala ya dukani, akaweka anthrasaiti juu kidogokidogo, ukashika. Usiku uliofuata ukafa tena. Wakarudisha dakika 6, nyumba ikawa tanuri, wakafungua madirisha. Walikuwa wamenaswa kati ya moto unaokufa na maji yanayochemka, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa na boila hizi na kuziita mbovu. Mpangilio wowote wa taima ulikuwa mbaya. Ukikuta hivyo, acha kutafuta namba nyingine ya kuweka na tafuta kilichoziba.

Niliuliza taima ilifikaje 6. Baba alikumbuka kwamba mwezi wa Februari moto ulizimika, akaja mtu kuutazama, akauwasha na kuongeza taima, akaondoka. Moto haukufa tena. Kwangu hiyo ilikuwa habari muhimu kuliko zote, kwani moto uliokuwa unaishi kwa dakika chache tangu Oktoba hauwezi kuanza kuhitaji dakika nyingi zaidi Februari bila sababu.

Sinia ya majivu ilionyesha sababu. Majivu ya anthrasaiti iliyoungua vizuri ni ya kijivu au ya hudhurungi hafifu, mepesi. Humo kulikuwa na punje nyeusi kibao, makaa yaliyosukumwa hadi mwisho wa wavu yakaanguka mabichi. Nilipoondoa makaa yaliyobaki juu ya wavu, matundu mengi yalikuwa yamezibwa na vumbi la makaa na majivu yaliyoganda. Chumba cha hewa chini ya wavu kilikuwa kimejaa vumbi lililopenya. Mapanga ya feni yalikuwa na utando wa uchafu mnene kama sufi. Feni ilikuwa inazunguka, ndiyo, lakini hewa ilikuwa haifiki. Februari moto ulikuwa umekosa pumzi, ukaongezewa chakula.

Bomba linalotoka boila kwenda kwenye dohani lilikuwa na hadithi yake. Kwenye kiwiko chake, majivu laini yanayopeperuka na moshi yalikuwa yamejaa zaidi ya nusu. Hapa ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu kengele ya jioni ile ilitokana na hapa.

Dohani huvuta kwa sababu hewa ya ndani yake ni ya moto na nyepesi kuliko ya nje. Tofauti ikipungua, mvuto unapungua. Dohani ya nyumba hii ina urefu wa mita 8 hivi. Januari, hewa ya bomba ikiwa nyuzi 100 na nje 10 chini ya sifuri, hesabu ya fizikia inatoa mvuto wa takriban Paskali 31 (Paskali ni kipimo cha presha). Aprili, moto ukiwa wa kungojea tu, bomba nyuzi 50 na nje 18, hesabu hiyohiyo inatoa Paskali 9. Haifiki theluthi. Wakati wa baridi kali dohani ina nguvu ya ziada kiasi kwamba hata bomba lililoziba nusu linapitisha gesi. Mchana wa Aprili ziada hiyo haipo.

Sasa ongeza madirisha. Nyumba yenyewe nayo ni dohani: ndani kukiwa na joto kuliko nje na madirisha ya juu yakiwa wazi, hewa ya moto inatokea juu na nyumba inatafuta hewa mbadala kutoka chini, yaani kutoka besimenti, chumba cha chini ya nyumba, ilipo boila. Katika nyumba kama hii, nyuzi 27 ndani na 16 nje, mvuto huo ni Paskali 2 hadi 3, na unashindana moja kwa moja na dohani. Besimenti hiyohiyo ina mashine ya kukausha nguo, ambayo inasukuma hewa nyingi nje inapofanya kazi, na jioni ile ilikuwa inakausha mashuka mlango wa besimenti ukiwa umefungwa. Dohani dhaifu, bomba lililoziba, nyumba inavuta upande mwingine, mashine ya nguo inavuta pia, na feni ya stoka inaamka kila nusu saa kusukuma hewa motoni. Gesi ilikosa njia ya juu, ikatoka kwenye viungo vya bomba.

Kwa hiyo lile tendo la kawaida kabisa, la kufungua madirisha ya juu kwa sababu ya joto, ndilo lililosaidia kuleta gesi ndani. Ningependa kila mtu mwenye boila ya makaa alijue hili kabla ya kujua namba yoyote ya akwastati. Nyumba ikizidi joto, fungua kwanza dirisha la besimenti, kisha ndipo la juu, na usikaushe nguo hadi mvuto upimwe. Na kengele ya kaboni monoksidi iwe besimenti, na nyingine karibu na vyumba vya kulala.

Ndiyo sababu pia sikutaka wakate umeme wakati maji yapo 96. Moto uliopo kwenye wavu hauzimiki kwa sababu umeme umekatika. Unaendelea kutoa joto kwa muda mrefu, na pampu, ambayo ndiyo ingeweza kupeleka joto hilo kwenye rejeta, inakuwa imesimama. Nilimwambia apandishe themostati hadi juu kabisa. Lilimshangaza, nyumba ikiwa moto vile. Lakini pampu ilianza, maji yakasambaa kwenye rejeta zote, na kwa kuwa maji yalikuwa juu ya kikomo, akwastati haikuruhusu mwito huo uongeze makaa. Ndani ya dakika chache geji ikaanza kushuka. Taima alikuwa ameishaizungusha hadi mwisho wa chini kwa maagizo yangu.

Kazi ilifuata mpangilio, na mpangilio huo ndio fundisho lake. Usafi kwanza: wavu ukachokolewa tundu kwa tundu, chumba cha hewa kikafyonzwa, feni ikapigwa brashi, kuta za ndani za boila zikakwanguliwa, bomba lote likashushwa na kumwagwa nje, na mguu wa dohani ukafunguliwa na kusafishwa. Kisha mvuto. Kitabu cha boila hiyo kinataka inchi 0.03 za maji, kama Paskali 7. Kabla ya usafi manometa, kifaa cha kupimia mvuto, haikuwa inafika hata 0.01 moto ukiwa wa kungojea. Baada yake ilisimama 0.03 na zaidi kidogo, dampa ya mizani kwenye bomba (kilango kinachojifungua chenyewe mvuto ukizidi) ikiwa karibu imefunga, kama inavyopaswa siku isiyo na baridi. Tangi la upanuzi, linalopokea maji yanapopanuka kwa joto, lilikuwa limepoteza hewa yake, ndiyo maana presha ilikimbilia 28. Likajazwa hadi 12.

Baada ya hapo tu ndipo tuligusa taima. Tuliwasha moto, tukauacha ushike kwa kasi kamili hadi kukawa na ukanda wa majivu wa sentimita 2 au 3 hivi mwishoni mwa wavu. Ukanda huo unaeleza kama ulishaji na hewa vinalingana. Ukiwa haupo, makaa yanaanguka mabichi. Ukiwa mpana sana, moto unabaki mdogo nyuma ya wavu. Hapa ulikuwa sawa, kwa hiyo ulishaji na feni hatukuvigeuza. Wengine hupunguza ulishaji Aprili. Siipendi njia hiyo kwa boila yenye taima, kwa sababu unabadilisha uwiano wa makaa na hewa, na ikirudi wiki ya baridi, kama inavyorudi hapa hata mwezi Mei, boila haina nguvu.

Taima ikashushwa hadi dakika 4, halafu nusu dakika kila siku, na kijana ndiye aliyekuwa akikagua moto asubuhi na kabla ya kulala. Kipimo cha kweli ni baada ya saa nyingi bila mwito wowote, si saa moja baada ya kugeuza. Kwenye dakika 2 na nusu moto ulibaki ukanda mwembamba mwekundu, hai, upande wa kuingilia makaa. Kwenye 2 ulibaki ukiwa hafifu mno asubuhi, kwa hiyo tukarudi 2 na nusu. Wavu ule ule, taima karibu ile ile iliyoua moto wiki iliyotangulia.

Akwastati tuliigusa mwisho na kidogo: 77 juu, 66 chini. Chini ya hapo koili inaanza kutoa maji vuguvugu watu wawili wakioga kwa mfululizo. Watu huanza na akwastati kwa sababu ndiyo yenye namba zinazoonekana, lakini ukipiga hesabu utaona haina mengi ya kuokoa. Kwa dakika 2 na nusu, moto wa kungojea unakula kama kilo 10 kwa siku. Lita 300 za maji ya kuoga na kufulia zikipandishwa nyuzi 40 zinahitaji joto la chini ya kilo 2 za makaa, tuseme 3 ukihesabu linalopotea. Yaani moto unaolindwa tu usife tayari unatosha kupasha maji yote ya familia ya watu sita, na kikomo cha chini hakiamshwi mara nyingi.

Joto linalobaki ndilo linalohitaji pa kwenda. Tuliweka akwastati ndogo ya kufunga juu ya bomba, ikiwa kwenye nyuzi 93: maji yakifika hapo, inaamsha pampu ya rejeta ya besimenti yenyewe, bila kumwuliza mtu. Ni kifaa cha bei ndogo, na kwa maoni yangu boila ya makaa isiyo nacho isivuke Machi. Tangu hapo maji hayakupita 88, na hiyo ilikuwa siku ya nyuzi 25.

Baba aliuliza kama waendelee hivyo hadi Oktoba. Nilimpa hesabu ileile: kilo 10 kwa siku, siku 120, ni kilo 1,200 za makaa kwa kazi inayohitaji chini ya theluthi yake, na miezi yote hiyo mvuto wa dohani ukiwa dhaifu. Binafsi sioni faida, hasa nyumba yenye watoto. Wakanunua hita ya maji ya umeme na moto ukaachwa uishe wenyewe mwisho wa Mei, hopa ikiwa tupu, umeme ukiwepo hadi wavu ulipopoa.

Siku hiyohiyo boila ilisafishwa tena, kwa sababu majivu yakikutana na unyevu wa besimenti wakati wa kiangazi hutengeneza asidi inayokula chuma na bomba. Chuma cha ndani kikapakwa mafuta mepesi, bomba likashushwa na tundu la dohani kuzibwa, na kipande cha karatasi nyekundu kikafungwa kwenye swichi asije mtu akawasha bila bomba. Maji ya boila hayakumwagwa. Maji mapya huja na oksijeni mpya, na kutu. Kando ya taima kijana alibandika karatasi ya Kiswahili: usafi wa wavu na kiwiko cha bomba kila mwezi, mvuto kabla ya kuwasha Oktoba, taima 2 na nusu. Chini yake mama akaongeza kwa mkono wake kwamba moto ukifa, wavu uangaliwe kwanza.